SOMO: Kutengeneza deraya ya foamu nyumbani (someni kabla ya kuniuliza tena)

Wakuu, kwa wiki hii pekee nimeulizwa mara sita jinsi nilivyotengeneza dirii ya kifua na mabega ya yule shujaa wangu wa kubuni. Kila nikijibu nasahau kitu, halafu mtu anarudi kunilaumu. Naandika mara moja. Kuanzia leo anayeuliza atatumiwa hii.

Deraya hii ni ya kuvaa na kupigwa picha. Haikingi chochote, msije mkajaribiana mapanga.

Vifaa. Foamu ya EVA, ile ya mikeka ya sakafu inayopachikana kwa meno. Milimita 10 kwa kifua na mabega, 5 kwa tabaka za juu, 2 kwa nakshi. Kisu chenye wembe wa kuvunja, pamoja na nyembe za akiba nyingi kuliko unavyodhani. Mashine ya hewa ya moto. Gundi ya fundi viatu. Rula ya chuma, makapeni, msasa. Barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo.

Hatua ya 1: Kiolezo. Vaa fulana kuukuu usiyoihurumia, mwenzako akuzungushie nailoni ya kufunikia chakula kuanzia shingoni hadi kiunoni, kisha tepu ya karatasi juu yake. Pumua kawaida, usivute tumbo ndani. Chora mstari wa katikati na mistari ya maungio, na kila baada ya sentimita 5 weka alama fupi inayovuka mstari. Alama hizo ndizo zitakazokuonyesha kipi kinakutana na kipi. Kata, jivue, halafu tumia nusu moja tu: igeuze upate upande wa pili. Mwili hauko sawa kushoto na kulia, lakini jicho la mtazamaji halisamehi deraya iliyopinda. Na kabla hujaisogelea foamu, keti na kiolezo kifuani. Kikikuchoma kidevuni, kipunguze chini. Hata zile dirii za chuma za karne ya 15 ziliishia kwenye kiuno, pale juu kabisa mwili unapopinda, si nyongani.

Hatua ya 2: Kukata. Wembe mpya, mvuto mmoja mrefu, usikate kama mwenye msumeno. Foamu inakula makali haraka; ukiona ukingo unachanika, vunja wembe. Panapotakiwa kona ya mraba, kata kila ukingo mshazari wa digrii 45.

Hatua ya 3: Joto. Pitisha hewa ya moto huku mkono ukitembea, mpaka uso uanze kung'aa kidogo. Hapo vitundu vimejifunga. Foamu nene ipashe pande zote mbili, ikunje juu ya paja au sufuria, ishikilie mpaka ipoe. Ikitoa vipovu umeiunguza. Mikwaruzo ya vita ichanje kwa kisu kabla ya kupasha, maana joto huifungua mistari yenyewe na inaonekana kama imepigwa kweli.

Hatua ya 4: Gundi. Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo someni polepole.

Dirii yangu ya kwanza niliiunga usiku wa kuamkia onyesho. Nikapaka gundi upande mmoja tu, nene kama siagi, nikabandika ikiwa mbichi. Nilipoona haikauki nikaipulizia hewa ya moto, kosa juu ya kosa. Kwa juu ikakauka vizuri kabisa, ndani ilikuwa bado uji. Kesho yake mtu akaniomba niinue upanga apige picha. Nikainua. Nikasikia *krrrp* kutoka kwapani hadi kiunoni, dirii ikafunguka kama ganda la karanga, na fulana ya ndani ilikuwa na picha ya katuni.

Gundi hii haishiki kwa kukauka ikiwa katikati ya vipande viwili. Inashika pale tabaka mbili zilizokwisha kukauka zinapokutana. Kwa hiyo:

Paka pande ZOTE MBILI, nyembamba. Ukingo uliokatwa una vitundu wazi, utainywa. Subiri, paka tena.

Subiri. Dakika kumi hivi, lakini fuata maelezo ya kopo na kidole chako kuliko saa. Ukigusa, pawe panavuta kidogo bila kuacha kitu kidoleni.

Kisha anza ncha moja, alama kwa alama, ukibana kwa nguvu. Zikigusana zimegusana, hakuna kusogeza. Kama ni eneo pana weka karatasi katikati, uivute kidogo kidogo huku ukibandika.

ONYO: mvuke wa gundi hii unashika moto, na nyingi zina toluini inayopanda kichwani. Dirisha wazi, barakoa usoni, na mashine ya hewa ya moto iwe imezimwa na iko mbali mpaka harufu iishe. Mimi kutoungua usiku ule ilikuwa bahati tu.

Hatua ya 5: Kuziba na rangi. Usipoziba, foamu itakunywa rangi yote. Gundi nyeupe ya mbao iliyolainishwa kwa maji, tabaka tatu au nne, inafaa sehemu zisizokunjika. Zinazokunjika zitapasuka, huko tumia rangi ya mpira. Halafu nyeusi kote. Halafu brashi iliyochovywa rangi ya fedha na kufutwa karibu yote, unapitisha juu juu kwenye kingo. Mwisho nyeusi ya maji kwenye mabonde, unaifuta kabla haijakauka. Kutu iweke pale ambapo maji yangetuama, si popote mkono unapofika.

Hatua ya 6: Mikanda. Ukanda wa begi na bizimu, ubavuni. Basi.

Maswali chini.

---

Mpiga_Nyundo: Mkuu gundi ya vijiti vya kuyeyusha inafaa?

Mwandishi: Kwa kushikiza nakshi ndogo, sawa. Kwa maungio, hapana. Inayeyushwa kwa joto na inalegea kwa joto. Utasimama juani.

Jasiri99: Tuma kiolezo cha saizi kubwa

Mwandishi: Hatua ya 1.

Jasiri99: Nimesoma ndugu, nauliza kama unacho tayari ili nisihangaike

Mwandishi: Ninacho cha mwili wangu. Ukiwa na mwili wangu nitakutumia.

Shona_Polepole: Shikamoo mwalimu. Nimefuata yote na kifua kimekaa vizuri, asante sana. Tatizo ni mabega: nikiinua mikono yanapanda mpaka masikioni na kuisukuma dirii juu. Nimeyabandika kwenye dirii kwa gundi. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri na ningepaswa kuliandika mwenyewe. Bega lisibandikwe kwenye dirii. Linaning'inia. Shona ukanda mfupi upande wa shingo, uufunge kwenye ukanda wa dirii kwa kifungo cha kubana, kisha lastiki moja izunguke mkono chini kidogo ya kwapa. Mkono ukipanda, bega linazunguka kama kifuniko cha birika badala ya kusukuma. Wahunzi wa zamani walifanya hivyo hivyo: vipande vyembamba vinavyolaliana, ndani vimeshikwa na kamba za ngozi, kimoja kinateleza chini ya kingine. Deraya kamili ya chuma ilikuwa na kilo kama 15 hadi 25, na mtu aliweza kukimbia na kupanda farasi nayo kwa sababu uzito ulisambaa na maungio yalicheza. Ya kwako ya foamu haifiki hata robo, kwa hiyo ikikubana tatizo ni mikanda, si uzito. Kata bega lako vipande vitatu vya sentimita 6 hivi, vilaliane sentimita 2, utaniambia.

Shona_Polepole: Nimeelewa. Nitabandua taratibu.

Mwandishi: Usibandue, foamu itachanika na gundi. Kata kwa wembe mpya kwenye ungio, kisha piga msasa.

Mtundu_wa_Rangi: Somo lako bovu. Nimepaka gundi uliyosema, foamu ikayeyuka ikawa shimo!!

Mwandishi: Foamu yako ni nyeupe, ya punje punje, inalia ukiikwaruza?

Mtundu_wa_Rangi: Ndiyo, ilitoka kwenye boksi la televisheni

Mwandishi: Hiyo ni polistirini. Nimeandika EVA mstari wa kwanza wa vifaa. Gundi ya viatu inaila, na rangi ya kopo la kupuliza itaila vilevile. Somo halina kosa.

Fundi_Kimya: Nyongeza: kisu kikianza kukwama na huna wembe mwingine, kinoe kwenye msasa laini, mivuto miwili mitatu. Hakirudi kuwa kipya ila kinamaliza kazi.

Mwandishi: Kweli. Mimi natumia kitako cha kikombe cha udongo, ile sehemu isiyong'aa.

Mpiga_Nyundo: Na mashine ya kukaushia nywele badala ya ile ya hewa ya moto?

Mwandishi: Kwa foamu ya milimita 2 unaweza kuipinda kidogo. Ya 10 haitafunga vitundu, utakesha.

Bibi_wa_Chapeo: Wanangu, hakuna aliyeuliza kuhusu jasho. Foamu haipitishi hewa. Vaeni pamba ndani, toboeni matundu madogo kwapani yasipoonekana, na chapeo iwe na tundu kisogoni. Nilishamwona mtu akianguka ndani ya deraya nzuri kuliko zote ukumbini.

Mwandishi: Asante bibi, naongeza juu. Na bizimu ziwe za kufunguka kwa mkono mmoja, ili ukianguka mwenzako asianze kutafuta mkasi.

Jasiri99: Sasa nimezungushiwa nailoni na tepu, natokaje?

Mwandishi: Mwenzako akate mgongoni, kuanzia chini kwenda juu, mkasi wenye ncha butu. Fulana itakatika nayo. Ndiyo maana nilisema kuukuu.

Jasiri99: Nilivaa ya kaka yangu.