Fedha na Usalama kwa Mwanamke Anayesafiri Nje ya Nchi Peke Yake

Wasafiri wengi hupanga bajeti kwanza, na suala la usalama huja baadaye kama nyongeza. Kwa mwanamke anayekwenda nchi ya kigeni peke yake, mambo hayo mawili ni hesabu moja. Anayechagua ndege inayotua saa nane usiku kwa sababu tiketi yake ni nafuu, akapanga chumba cha pembezoni mwa mji kwa sababu hiyohiyo, na asitenge chochote kwa ajili ya teksi, amekwisha kujiweka hatarini kabla hata hajafunga begi.

Mafungu ya fedha

Zigawe fedha zako katika mafungu manne. La kwanza ni la mambo yanayolipiwa kabla ya kuondoka, yaani pasipoti, viza, chanjo, bima na tiketi. La pili ni la matumizi ya kila siku, nalo hukadiriwa kwa kutafuta bei za sasa za malazi, milo na usafiri wa umma katika mji unaokwenda, kisha kuongeza angalau asilimia 15 kwa yale usiyoyatarajia. Kumbuka kwamba anayesafiri peke yake hulipia chumba kizima, hivyo ukichukua makadirio ya watu wawili na kuyagawa kwa mbili, hesabu itakudanganya. Hosteli zenye mabweni ya wanawake pekee huziba sehemu ya pengo hilo, ilimradi kila kitanda kiwe na kabati linalofungika kwa kufuli.

Fungu la tatu ni la usalama wenyewe, nalo ndilo watu hulisahau. Humo huingia tofauti ya bei kati ya ndege ya usiku na ya mchana, tofauti kati ya chumba cha mbali na kile kilicho karibu na kituo cha treni au basi, teksi za baada ya giza kuingia, na laini ya simu yenye intaneti tangu saa ya kwanza unapotua. Andika ulichotumia kila jioni, na ikiwa umezidisha leo, punguza kwenye manunuzi na matembezi ya kesho, si kwenye teksi ya usiku.

Fungu la nne ni fedha za kuondokea, na kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote. Ni kiasi kinachotosha kulipia usiku mmoja au miwili katika hoteli nzuri na kununua tiketi ya kurudi nyumbani bila kumwomba mtu yeyote. Mwanamke asiye na akiba hiyo hulazimika kuvumilia mambo ambayo hangeyavumilia: mwenyeji anayebisha hodi usiku bila sababu, chumba ambacho mlango wake haufungi sawasawa, au mtu aliyekutana naye njiani wakaamua kusafiri pamoja, kisha akabadilika tabia. Mwenye akiba hubeba begi lake akaondoka, na mjadala ukaishia hapo. Fungu hili liwe katika akaunti tofauti, na lisiguswe hata kama matumizi ya kila siku yamekwisha mapema. Yakiisha, ni bora kufupisha safari.

Kadi na noti

Beba kadi mbili za benki mbili tofauti na usiziweke mahali pamoja: moja iwe kwenye pochi unayotumia, nyingine ifichwe pamoja na noti chache za fedha inayokubalika kwa urahisi. Tumia mashine za kutolea pesa zilizo ndani ya benki, saa za kazi, kwa kuwa kadi ikimezwa utampata mtu wa kumuuliza. Mara nyingi mashine hukuuliza kama ungependa kukatwa kwa fedha ya nchi yako badala ya fedha ya nchi uliyopo. Swali hilo huonekana kama msaada, lakini kiwango cha kubadilisha fedha kinachotumika hapo kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako, kwa hiyo chagua fedha ya mahali ulipo, na fanya hivyohivyo unapolipa kwa kadi hotelini au dukani. Fahamu pia kwamba hoteli nyingi huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na kiasi hicho kinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Jambo hili huwaumbua wanaosafiri na salio dogo.

Hati, bima na dawa

Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 baada ya tarehe ya kuingia. Nchi za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, hutaka iwe na angalau miezi 3 baada ya tarehe unayokusudia kuondoka na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na mgeni wa muda mfupi huruhusiwa kukaa siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Anayeomba viza ya huko lazima awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kiasi hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia hata kwa safari za kwingine, lakini soma sehemu inayoeleza kile ambacho bima hailipi, hasa magonjwa uliyonayo tayari, ajali za pikipiki kwa asiye na leseni, na majeraha yanayotokana na ulevi. Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, kwa sababu dawa ya kawaida nyumbani inaweza kuwa ya kudhibitiwa ugenini, kama ilivyo kwa dawa zenye kodeini (kiungo cha baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi) katika Umoja wa Falme za Kiarabu.

Saa za kwanza

Panga kufika kabla jua halijazama. Pakua ramani ya mji ili ifanye kazi bila intaneti, na chukua teksi kwenye kituo rasmi au kupitia programu ya simu. Kabla ya kupanda, linganisha namba ya gari na ile uliyopewa, kisha mwache dereva ataje jina la abiria anayemsubiri. Usimtajie wewe kwanza. Kaa kiti cha nyuma na ufuatilie njia kwenye simu.

Mapokezini, mhudumu akitaja namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya wageni wengine, omba chumba kingine, na umwombe namba hiyo mpya aiandike badala ya kuitaja. Ukiingia chumbani, acha mlango wazi hadi umekagua bafu, kabati na madirisha, kisha ujaribu kufuli na komeo. Ukikuta mlango unaounganisha chumba chako na cha jirani, hakikisha umefungwa kwa ufunguo. Kabari ndogo ya mpira inayowekwa chini ya mlango unaofungukia ndani hugharimu kidogo sana na haina uzito begini. Mtu akibisha akidai ni mhudumu, piga simu mapokezi kabla ya kufungua.

Mtu mmoja nyumbani awe na ratiba yako, nakala ya pasipoti na anwani ya kila malazi, na mkubaliane saa ya kuwasiliana kila siku pamoja na hatua atakayochukua usipoonekana. Picha za mtandaoni ziwekwe baada ya kuondoka mahali husika. Kuvaa pete ya ndoa hata kama hujaolewa husaidia mahali pengine, ingawa msumbufu wa kweli haimzuii. Kinachofaa zaidi ni kukataa kwa maneno machache bila kutoa sababu, maana kila sababu unayotoa hufungua mjadala.

Mambo yakiharibika

Namba ya dharura 112 hufanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi, lakini hakiki namba ya nchi unayokwenda kabla ya safari. Ukiibiwa, pata ripoti ya polisi siku hiyohiyo, kwa kuwa bila hiyo bima huenda isilipe. Ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kusafiria, kukupa orodha ya mawakili na kuwajulisha ndugu zako. Hauwezi kukutoa gerezani, na kwa kawaida haulipi bili zako. Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, yaani huduma za serikali kwa raia wake walio ugenini, unakupa haki ya kutaka ubalozi wako ujulishwe, na haki hiyo ni vyema uidai waziwazi.

Ukishambuliwa kingono, muda ni mfupi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi siku 5, ingawa vyote hufanya kazi vizuri zaidi vikitumiwa mapema. Nguo ulizokuwa umevaa zihifadhiwe bila kufuliwa, kwenye mfuko wa karatasi. Zipo nchi ambazo sheria zake huadhibu ngono nje ya ndoa, na humo anayelalamika anaweza kugeuzwa mshtakiwa. Katika nchi hizo mpigie simu afisa wa ubalozi wako ukiwa njiani kwenda hospitali, kabla hujatoa maelezo yoyote polisi.