Namna Kijiji Kinavyoweza Kuvuna na Kuuza Miti Yake Kihalali

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia rahisi ya kufika Dar es Salaam, na mengi yaliondoka bila kibali, huku mwanakijiji aliyeonyesha mti ulipo akiambulia fedha kidogo za mkononi. Miaka sita baadaye, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa, yenye mpingo unaotengenezewa zumari na klarineti, iliingizwa katika cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unatunzwa na kuvunwa ipasavyo. Njia waliyopita inaweza kufuatwa na kijiji kingine chenye msitu wa asili, ilimradi kiwe na subira.

Anzeni na mipaka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake na kubaki na mapato ya mazao yake, lakini haki hiyo haina nguvu pale ambapo kijiji jirani kinadai bonde lile lile. Waiteni wazee wa pande zote mbili, tembeeni mpaka pamoja, wekeni alama na kutia saini muhtasari. Kisha mkutano mkuu wa kijiji uunde kamati ya maliasili. Ninashauri wapasuaji mbao nao wawemo, kwa sababu ndio wanaozijua njia ambazo magogo hupitishwa usiku. Mpango wa usimamizi na sheria ndogo hupitishwa na mkutano mkuu, halafu hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.

Kazi isiyotakiwa kufanywa kwa haraka ni kuhesabu miti. Gaweni msitu katika vitalu, piteni kwa mistari iliyonyooka mkiwa na ofisa misitu, na kila mti wa thamani upimwe unene kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Andikeni pia miti michanga, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kiasi cha kuvuna. Tuseme mna mipingo 600 iliyokomaa, na ile michanga inahitaji miaka 30 kufikia unene wa kukatwa: msikate zaidi ya 20 kwa mwaka, na kwa busara mpunguze hapo, kwa sababu mipingo mingi ina uwazi au uozo moyoni na mingine lazima ibaki kuwa miti mama ya mbegu. Mpingo huweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Kosa la msimu mmoja litalipwa na wajukuu.

Mnunuzi anapokuja, apeleke maombi kwa halmashauri ya kijiji, wala asimalizane na mwenyekiti nyumbani kwake. Mrahaba wa Serikali, yaani ada iliyopangwa kwa mazao ya misitu, uwe mahali pa kuanzia mazungumzo, si bei ya mwisho. Fedha ziingie kwanza katika akaunti ya kijiji, ndipo kamati iongozane na wavunaji hadi kwenye miti iliyochaguliwa. Msikate ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Gogo na kisiki vyote vigongwe nyundo yenye alama, ili gogo likikamatwa barabarani liweze kufuatiliwa hadi kwenye kisiki chake, na lisiondoke bila hati ya kusafirishia.

Doria iendelee hata miezi isiyo na mavuno, na sehemu ya mapato ilipie posho za wanaoifanya. Mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, chomeni kwa uangalifu maeneo yaliyopangwa, maana moto mkali wa mwisho wa kiangazi huua miche na kuharibu mioyo ya miti mikubwa.

Hesabu za fedha zisomwe katika mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu: miti iliyouzwa, namba za visiki, kilichopokelewa na kilichotumika. Zisiposomwa, mkutano usimamishe uvunaji hadi zisomwe.