Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuzuru Makaburi ya Wafalme na Malkia wa Uingereza

Anayetaka kuzuru makaburi ya wafalme na malkia wa Uingereza aanze kwa kuamua ni kaburi la nani hasa analolitafuta, kwa kuwa hayako mahali pamoja na kufika London hakutoshi. Henry wa Pili na mwanawe, Richard wa Kwanza, walizikwa Fontevraud nchini Ufaransa, na msafiri mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania akumbuke kwamba viza ya Uingereza haimfikishi huko. Atahitaji pia ya Schengen, yaani ile inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Mfalme John yuko Worcester, Edward wa Pili yuko Gloucester, na Richard wa Tatu, ambaye mifupa yake ilifukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari, alizikwa upya katika Kanisa Kuu la Leicester mwezi Machi 2015.

Mwenye siku chache atangulize Westminster Abbey, kanisa kubwa lililoko London. Tiketi ni vyema inunuliwe mapema mtandaoni, na Jumapili isipangiwe matembezi, kwa sababu siku hiyo kanisa hufunguliwa kwa ajili ya ibada tu. Kaburi la Mtakatifu Edward, mfalme aliyefariki Januari 1066, liko nyuma ya madhabahu kuu, mahali pasipoingiwa hivihivi. Anayelitaka aulizie mapema ziara inayoongozwa na wahudumu wa kanisa.

Muda mrefu zaidi, kwa maoni yangu, utengewe kikanisa cha Henry wa Saba kilichomo humo, hasa upande wake wa kaskazini. Pale amelazwa Elizabeth wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1603, na juu yake sanamu yake ya marumaru nyeupe. Lakini chini ya jeneza lake kuna jeneza la dada yake, Mary wa Kwanza, Mkatoliki aliyewahi kumfunga Elizabeth gerezani, naye hana sanamu yoyote. Ni maneno machache ya Kilatini tu yanayosema kwamba ndugu hao wawili, walioshiriki kiti cha enzi na kaburi, wamelala hapo wakitumaini ufufuo. Asiyejua habari hiyo kabla ya kuingia atapita akidhani ameona kaburi la mtu mmoja.

Windsor, ngome ya kifalme iliyo nje ya London, inahitaji siku yake. Kwa kawaida ngome hiyo hufungwa Jumanne na Jumatano, na Jumapili Kanisa la Mtakatifu George, lililomo ngomeni na lenye makaburi yenyewe, huwa la waumini peke yao. Kupiga picha ndani yake hakuruhusiwi. Mgeni asitarajie fahari kila mahali: Henry wa Nane, pamoja na ukubwa wake wote, amefunikwa na bamba la jiwe jeusi lililo sawa na sakafu, akiwa chumba kimoja na mkewe wa tatu, Jane Seymour, na Mfalme Charles wa Kwanza, aliyekatwa kichwa mwaka 1649. Elizabeth wa Pili yuko katika kikanisa kidogo cha pembeni, pamoja na wazazi wake na mumewe, na jiwe lao lina majina na miaka yao.

Malkia Victoria, ambaye ziwa letu kubwa linaitwa kwa jina lake, hayumo humo. Yeye na mumewe Albert wako Frogmore, karibu na ngome hiyo, katika jengo ambalo kwa kawaida halifunguliwi kwa umma, hivyo lisitengewe siku katika ratiba.