Familia Iliyohamia Mbeya: Namna ya Kuchagua Kati ya Shule ya Serikali na Shule Binafsi

Familia nyingi zinazoingia Mbeya kupitia Kasumulu zikitoka Malawi, au kupitia Tunduma zikitoka Zambia na Kongo, huanza kutafuta shule kwa kuuliza ipi ni nzuri. Kila jirani hulijibu swali hilo kwa namna yake, na mara nyingi jibu halimfai mgeni, kwa kuwa mtoto wa jirani amekua akizungumza Kiswahili tangu utotoni. Kwa mtoto aliyehamia, maswali mawili hutangulia mengine yote: ana umri gani, na familia inatarajia kuishi nchini kwa muda gani. Majibu yake ndiyo yanayoonyesha lugha inayomfaa kusomea, na kwa ngazi ya msingi lugha ndiyo tofauti kubwa kati ya shule hizi, kubwa kuliko hata majengo.

Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo. Shule binafsi nyingi ni za mchepuo wa Kiingereza, ambazo watu wa Mwanjelwa na Soweto huziita inglishi midiamu. Zipo pia halmashauri zenye shule zao za serikali za mchepuo wa Kiingereza, zinazotoza ada iliyo nafuu, na ni vema kuuliza ofisi ya elimu ya halmashauri kama ipo iliyo karibu kabla ya kudhani kwamba njia ni mbili tu. Ikifika sekondari, masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, iwe shule ya serikali au ya binafsi.

Kutokana na hali hiyo, ushauri wangu kwa mtoto wa awali hadi darasa la pili ambaye familia yake imekuja kukaa ni shule ya serikali iliyo karibu na nyumbani, mradi madarasa yake hayajafurika kupita kiasi. Katika umri huo mtoto huokota Kiswahili uwanjani, kwenye foleni ya uji na njiani akirudi na wenzake, na hujifunza kusoma kwa lugha ileile atakayoitumia dukani na hospitalini. Kwa mtoto wa darasa la tano au la sita aliyesoma kwa Kiingereza huko alikotoka, nashauri kinyume chake. Kumweka katika darasa la Kiswahili ni kumtaka ajifunze lugha mpya na masomo mapya kwa wakati mmoja, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili arudi tena kwenye Kiingereza kidato cha kwanza. Nimewaona watoto werevu wakikaa kimya darasani kwa mihula mizima kwa sababu hiyo, na walimu wakidhani hawana uwezo. Mzigo huo mtoto hastahili kubebeshwa pale ambapo wazazi wanaweza kumudu njia nyingine.

Familia inayotarajia kurudi Malawi au Zambia baada ya miaka michache nayo ifikirie mchepuo wa Kiingereza, kwa kuwa huko madarasa ya juu hufundishwa kwa lugha hiyo. Mtoto kutoka Lubumbashi anahitaji uangalifu wa pekee. Anazungumza Kiswahili, hivyo mzazi huona hakuna tatizo, lakini kama amesoma kwa Kifaransa, Kiswahili cha kwenye vitabu vya shule kinaweza kumpa taabu katika kuandika na katika msamiati wa hisabati na sayansi. Mwombe mwalimu ampime kwa maandishi kabla ya kumpangia darasa.

Kuhusu gharama, shule za kawaida za serikali, kuanzia awali hadi kidato cha nne, hazitozi ada tangu Januari 2016, na mwaka 2022 utaratibu huo uliongezwa hadi kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo mzazi hununua sare, madaftari na sweta, ambalo Mbeya ya Juni na Julai si pambo, na huchangia chakula cha mchana pale wazazi walipokubaliana. Mweleze mwalimu mkuu tangu siku ya kwanza kwamba mtoto si raia, ili akueleze utaratibu unaowahusu kabla hujashonesha sare. Kwa shule binafsi, usiridhike na kiasi cha ada kilichoandikwa kwenye fomu. Omba orodha ya malipo yote ya mwaka kwa maandishi: usajili, chakula, gari la shule, mitihani ya majaribio, sare zinazouzwa shuleni kwao tu, na mahafali. Uliza pia gari linaanzia wapi kukusanya watoto, kwa sababu mtoto wa Uyole anayechukuliwa wa kwanza anaweza kuamka usiku na kukwama nyuma ya malori ya barabara ya Tunduma wakati wenzake bado wamelala. Wanaofikiria bweni wajue kwamba mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, hivyo shule inayokuahidi kitanda kwa mtoto wa miaka saba ikuonyeshe kibali chake.

Ukitembelea shule, nenda siku ya masomo. Omba kuona madaftari ya watoto wawili au watatu wa darasa atakaloingia mwanao, na uyafunue kuanzia katikati. Daftari lenye tiki kubwa moja chini ya kila ukurasa, huku makosa ya tahajia yakiwa hayajaguswa, linaeleza mengi kuliko rangi ya ukuta wa geti. Lile ambalo mwalimu ameandika neno sahihi juu ya lililokosewa, na mtoto akalirudia chini yake, linaonyesha kazi inayofanyika. Katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, sikiliza mwalimu anavyoeleza hesabu, maana zipo shule ambazo Kiingereza chake kinaishia kwenye bango la nje. Dai pia namba ya usajili wa shule, na uangalie matokeo yake ya miaka kadhaa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, ukitazama pia idadi ya waliofanya mtihani, kwa kuwa darasa la watahiniwa kumi na wawili haliwezi kulinganishwa na la watahiniwa mia moja na themanini.

Andaa mapema cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule aliyotoka, barua ya uhamisho, pasipoti na kibali cha kuishi nchini. Suala la pasi ya mwanafunzi au ya mtegemezi limalizwe na Idara ya Uhamiaji kabla ya kulipa ada yoyote. Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa nayo hurahisisha mambo katika shule ya serikali.

Muda wa kuhamia nao una uzito. Mwaka wa masomo hapa huanza Januari, wakati Malawi huanza Septemba na ina madarasa manane ya msingi, kwa hiyo mtoto hawezi kupangiwa darasa kwa kufuata namba tu. Kwa upande wetu, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita kwa awamu, hivyo muulize mwalimu mkuu kama kundi la mwanao litamalizia darasa la sita au la saba. Ikiwezekana, usimwingize katikati ya mwaka kwenye darasa la mtihani. Upimaji wa darasa la nne hufanyika Oktoba na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na usajili wa watahiniwa hukamilika miezi mingi kabla. Mtoto aliyekwisha kupokelewa apatiwe mapema namba ya PREM, yaani namba ya kumtambulisha mwanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na wewe mzazi uinakili na kuitunza pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu ndiyo itakayotumika akihamia shule nyingine, iwe ya serikali au ya binafsi.