Usisaini loni ya gari ya binamu kama unataka kununua nyumba Marekani

Nianze na ile kubwa ndio hata ukiachia njiani uwe umeipata: kama unapanga kununua nyumba huku, usimdhamini mtu. Si binamu, si shemeji, si hata yule mlilala naye bweni moja tangu fomu wani. Mimi nilisaini na nyumba nimeingoja karibu miaka miwili.

Binamu yangu alifika Dallas hana historia ya krediti, yaani rekodi ya kukopa na kulipa, hata kidogo na anataka gari la kuendea kazi. Akaniambia, "Kaka we saini tu, hayo ni makaratasi, kulipa ni mimi." Nami kichwani nikawaza ni kama kudhamini mtu kwa sacco nyumbani, akikwama unapigiwa simu, kamati inakaa, mamake anaambiwa, yaani mpaka waguse akiba zako kijiji kizima kishajua. Huku hakuna kamati jameni. Ile loni ni yako vile ilivyo yake, na ile karatasi ya mdhamini ambayo hatukuisoma inasema wazi kwamba wanaweza kukudai wewe bila hata kumtafuta yeye kwanza. Barua zilikuwa zinaenda kwake, akapunguziwa masaa kazini, akachelewa siku 30, halafu 60, na akaona haya kuniambia. Mimi nilijua siku nimekaa mbele ya ofisa wa mogeji, yaani loni ya nyumba, na mke wangu na nguo zetu za kanisani. Skoa yangu, zile alama za krediti, ilikuwa 724, siku hiyo nikakuta 611.

Najua utasema si FHA, ule mpango wa serikali wa kudhamini mogeji, wanakubali kuanzia 580 na deposit ya asilimia 3.5? Ndio, lakini hiyo ni sheria ya serikali, benki nayo ina yake, na ile tuliyoenda ilitaka 640. Tena wanaangalia skoa zote tatu, ya Equifax, Experian na TransUnion, zile kampuni zinazoweka rekodi za krediti, wanachukua ya katikati, na kwa loni yetu ya FHA mkiomba wawili wanatumia ya yule aliye chini. Kwa hivyo ile 700 na kitu ya mke wangu haikutusaidia na chochote. Juu ya hapo malipo ya lile gari yakahesabiwa ni deni langu.

Kosa langu lingine ni kudhani nikilipa yale malimbikizo nitapewa barua kama ile ya CRB kule Kenya, ya kuonyesha huna deni baya, niende nayo benki. Hakuna. Ukishachelewa siku 30 ikaandikwa, inakaa kwa ripoti yako ya krediti miaka 7 hata ukilipa deni lote kesho. Makali yanapungua na muda, lakini haifutwi. Na watakuja wa kukuambia wataifuta, sisi kuna mtu kwa grupu ya WhatsApp alitaka dola 800 kwanza. Kuitisha pesa kabla ya kazi ni kinyume cha sheria kwa hao watu wa kurekebisha krediti, na kitu cha kweli hakifutiki. Akikuambia utumie namba nyingine badala ya Social Security namba yako, kimbia, hiyo ni jela.

Nilichofanya: ripoti nilitoa bure kwa AnnualCreditReport.com, makosa nikayapinga mwenyewe, hizo kampuni za rekodi kwa kawaida zina siku 30 za kujibu. Kredit kadi nikazishusha chini ya asilimia 10 ya limiti, nikilipa kabla stetimenti haijatoka. Kadi ya zamani sikuifunga.

Lakini dawa yenyewe ilikuwa gari. Jina halitoki kwa kuomba, lazima yeye aichukue loni upya kwa jina lake au gari liuzwe. Kama hawezi bado, hakikisha analipa kutoka akaunti yake mwenyewe, si anakutumia wewe pesa ulipe, kwa sababu ukionyesha miezi 12 amelipa bila kuchelewa kuna mogeji ambazo hazitalihesabu kwako. Sisi tulikuwa tunafanya ile ya kutumiana pesa kwa simu na Zelle, halafu mimi nalipa, ikawa haina maana yoyote.

Hii nchi nayo ina mambo. Nyumbani mtu asiye na deni ndiye tunayemheshimu, huku asiyewahi kukopa hawamjui kabisa, mpaka uchukue kadi ununue mafuta ya gari ya dola 20 ndio uonekane mtu mwaminifu. Na hakuna wa kumweleza, ofisa alinionea huruma kabisa lakini kompyuta ilishakataa.

Nyinyi wageni mkifika msituchukie tukikataa kusaini. Omba kadi ya kuwekea amana, ile unaweka dola 200 zako wanakupa limiti hiyo hiyo, uanze pole pole, sisi tutakupeleka kazini.

Sasa niko 668, tumepita na tunangoja siku ya kusaini. Mpaka funguo ziwe mkononi usichukue kitu cha mkopo, hata sofa, kwa sababu wanaangalia ripoti tena mwishoni. Mke wangu ashachagua makochi, yako dukani, na huko ndiko yatabaki kwa sasa.