Namna ya Kupima Ukuaji wa Misuli Bila Kocha

Kijana anayetunisha misuli peke yake huwa na hakimu mmoja tu, kioo, na hakimu huyo hubadili hukumu asubuhi na jioni. Ukitoka kunyanyua vyuma damu huwa imejaa kwenye misuli na mkono huonekana umenona, lakini baada ya saa chache uvimbe huo hunywea. Kwa sababu hiyo, vipimo vyote vichukuliwe asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni daftari. Andika tarehe, zoezi, uzito wa chuma na idadi ya mara ulizonyanyua, kisha ongeza neno moja kuhusu namna ulivyonyanyua, kwa maana mara 12 za kudundisha chuma kifuani hazilingani na mara 8 za kukishusha taratibu. Wanaotumia vyuma vya zege vilivyomiminwa kwenye makopo ya rangi wavipeleke kwanza kwenye mizani ya muuza nafaka. Niliwahi kupima viwili vilivyotengenezwa siku moja, na kimoja kilizidi kingine kwa kilo moja na nusu. Ujue pia kwamba nguvu zinazoongezeka katika wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kuzoea zoezi kuliko misuli kukua, kwa hiyo usijihukumu kabla ya wiki 8.

Kwa mkono, tumia futi ya fundi cherehani. Tia alama ya kalamu katikati ya bega na kiwiko, acha mkono uning'inie, kisha zungusha futi iguse ngozi bila kuibana. Pima kiuno pia, usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi kwa kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Mara moja kila wiki 4 inatosha, kwani badiliko la wiki moja ni dogo kuliko kosa la mpimaji. Mkono ukiongezeka sentimita 1 na kiuno sentimita 4, chakula kingi kimeishia tumboni.

Uzito wa mwili hupanda na kushuka hata kilo nzima kwa siku kutokana na maji, chumvi na mlo wa jana. Pima angalau siku 3 kwa wiki, kisha linganisha wastani wa wiki na wiki. Kwa anayeanza akiwa na kilo 60, ongezeko la gramu 150 hadi 300 kwa wiki ni la kuridhisha.

Endapo daftari, futi na mizani vyote vimesimama, usikimbilie kuongeza mazoezi. Tazama kwanza usingizi na sahani: mwenye kilo 60 anahitaji protini ya gramu 96 hivi kwa siku, na yai moja lina takriban gramu 6 tu, hivyo maharage na dagaa viongezwe, kisha upime tena baada ya wiki 4.