Namna ya Kumtazamia Mama Mkwe Tamthilia ya Polepole

Mama mkwe wangu alipokuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, alikaa kwangu Umoja majuma matano. Jicho moja limefungwa bendeji, la pili linaona ukungu, na daktari kamkataza kuinama wala kuinua kitu kizito. Mtu aliyeamka na jembe maisha yake yote, leo ameketishwa kwenye kochi kama mgeni wa harusi. Siku ya tatu redio ilikuwa imemchosha. Ndipo nikachomeka flashi yenye Little House on the Prairie, tamthilia ya zamani ya Marekani. Nawe ukipata mgeni kama huyo, fanya hivi.

Chagua hadithi inayosikika. Zile tamthilia za matajiri kutupiana macho hazimfai asiyeona vizuri; muziki unalia, watu kimya, naye anakuuliza, "Kumetokea nini?" Hii yangu ina mlango unaofunguka, farasi, kengele ya kanisa, na baba mtu, Charles Ingalls, anayepiga fidla jioni. Hadithi nyingi huisha kwa kipande kimoja cha dakika zisizofika 50. Ukibandika githeri iliyokwisha kuchemshwa, vitaiva pamoja.

Usianze na majina. Ni mji mdogo wa Walnut Grove, Minnesota, huko Marekani, miaka ya 1870. Hayo mwambie kwa pumzi moja upite. Mpe watu kwa nafasi zao: baba, mama, wasichana watatu, mwenye duka mpole na mkewe mwenye maringo. Nilipofika kwa huyo mke wa mwenye duka, Bi. Oleson, mama mkwe akanikatiza.

"Ana kitabu cha deni?"

"Anacho, Mama."

"Basi namjua."

Tangu hapo sikumweleza tena habari za Bi. Oleson. Yeye ndiye aliyenieleza mimi.

Hata jengo la shule linalogeuka kanisa Jumapili halikumshangaza. Kanisa letu hapa mtaani lilianzia kwenye darasa la chekechea, tukiimba tumekalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni.

Sasa kutafsiri. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukifuata kila neno la Kiingereza utaachwa nyuma na utamchosha. Mahubiri ya Mchungaji Alden fupisha, hata yeye hatakasirika. Habari za kuuza na kudaiwa usifupishe kamwe; mama alitaka kujua hadi senti. Na maombi yaseme yote. Nilijifunza hilo kwenye kile kipande ambacho Laura, binti wa pili, anamwonea wivu kaka yake mchanga, anakataa kumwombea, na mtoto anakufa. Msichana anapanda mlimani akamwombe Mungu amchukue yeye, amrudishe kaka. Mimi nilikuwa nakimbia, nikasema tu "hakuomba".

"Hakuomba kwa kusahau, au alikataa?"

"Alikataa."

"Rudisha nyuma. Hilo ni neno lingine kabisa."

Nikarudisha. Nadhani ndiyo maana tamthilia hii inakaa na watu wa kanisani. Yule mtoto harudi. Nimechoka na vipindi ambavyo mtu anapiga magoti na kabla hajasimama simu inalia, kazi imepatikana. Huku Laura anatafutwa na babake milimani, anapatikana, anarudi nyumbani ambako kitanda cha mtoto bado ni kitupu. Mama alikaa kimya kitambo, halafu akaniomba chai.

Mambo madogo: angalia tokeni za stima kabla hujaanza, na Ijumaa usijaribu, kwa sababu jirani wana kesha na spika zao zinatazama dirisha langu. Mwanzoni mwa kila kipande wasichana hushuka kilima wakikimbia nyasini, na yule mdogo huanguka. Mwambie kila mara, usione umerudia. Mama alingoja hapo ili aseme, "Pole, mtoto."

Lakini chunguza kilicho mbele kabla hujabonyeza. Mary, dada mkubwa, anapofuka. Nilitaka kuruka, ila ningerukaje? Mama alikuwa amemfuata tangu aliponunuliwa miwani, kila jioni akiuliza, "Yule wa macho anaendeleaje?" Kwa hiyo nilimwambia mapema, baada ya kumtia matone, si kabla, maana mkono wangu ungetetemeka. Nikamwambia kwamba hata Mary Ingalls wa kweli alipofuka, mwaka 1879, akiwa na miaka 14. Akauliza kama alikuwa na mama. Nikasema alikuwa naye. Akasema haya, weka.

Katika kipande hicho daktari anamwambia baba kwanza, na baba anazunguka na hilo neno, halitoki. Tafsiri hapo ni rahisi kwa sababu hasemi kitu. Mwelezee tu anakosimama na mikono yake inashika nini. Kisha inafika asubuhi ile. Mary anaamka, anapapasa, anamwita baba kwa kelele. Koo langu likakaza, nikaacha kusema.

Mama akanigusa goti.

"Mama Mwende, mbona umenyamaza? Mimi nasikia kilio tu. Baba yake ameshafika kitandani?"